Kusikika na Kujisikia: Maoni Juu ya Kufundisha Gitaa Katika Bendi

Miongoni mwa malalamiko ya wanachuo wanaojiunga na bendi ya chuo, hakuna linalorudiwa mara nyingi kama hili: "Mwalimu, sijisikii." Mpigaji amesimama jukwaani, vidole vyake vinakwenda kama alivyofundishwa, nyuzi zinatetemeka, lakini masikio yake yanapokea dramu, besi, tarumbeta na sauti za waimbaji, gitaa lake mwenyewe halimo. Jawabu analopewa aghalabu ni fupi: "Ongeza sauti." Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jawabu hilo ni baya kwa muziki, ni baya kwa masikio, na ni baya zaidi kwa malezi ya mwalimu. Lipo jawabu bora, nalo hatuna budi kulifundisha vyuoni kabla mwanachuo hajapelekwa shule ya msingi kuongoza kikundi chake cha kwanza.

Huenda msomaji akauliza: Mambo ya bendi yananihusu nini mimi ninayejiandaa kufundisha hesabu na kusoma? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayeombwa kusimamia kwaya, ngoma na bendi ya shule, awe amesomea muziki au hakusomea. Pili, tatizo la mpigaji asiyejisikia ni tatizo la kujifunza kwa jumla. Asiyejisikia hawezi kujisahihisha. Kosa lake huzama ndani ya kelele za wenzake, nalo hukaa humo likikomaa.

Kwa nini mpigaji hajisikii

Mwimbaji ana bahati: hata katika makelele, sehemu ya sauti yake humfikia kwa kupitia mifupa ya kichwa chake. Mpiga tarumbeta huhisi mtetemo midomoni. Lakini gitaa la umeme lina jambo lake la pekee: mahali mkono unapofanya kazi sipo mahali sauti inapotokea. Uzi wenyewe ukipigwa bila umeme hutoa sauti ndogo mno. Sauti hasa hutoka katika spika iliyo nyuma ya mpigaji, au kando yake, au upande wa pili wa jukwaa. Kwa hiyo kujisikia kwake kunategemea amesimama wapi, na spika imeelekea wapi.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza na la kawaida kuliko yote. Amplifaya huwekwa sakafuni, na mpigaji husimama hatua moja mbele yake. Sauti nyembamba, ambazo ndizo hufanya gitaa lifahamike, hutoka katika spika kama mwanga wa tochi. Huenda moja kwa moja mbele wala hazitawanyiki sana. Spika iliyo sakafuni humpiga mpigaji kwenye ndama za miguu, na watu walioketi mbele hupata sauti kali ambayo mwenyewe hana habari nayo. Yeye analalamika kwamba hajisikii. Wasikilizaji wanalalamika kwamba gitaa linawatoboa masikio. Wote wawili wanasema kweli.

Sababu ya pili ni kufunikana kwa sauti. Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida hutoa mitetemo ipatayo 82 kwa sekunde, na uzi mnene wa besi hutoa nusu yake, yaani 41. Sauti nene ikiwa kubwa huifunika sauti nyembamba kwa urahisi kuliko ile nyembamba inavyoweza kuifunika nene. Mwanachuo anayejipigia peke yake bwenini hupenda sauti iliyojaa, basi huongeza unene mpaka gitaa lisikike kama kinanda. Akifika katika bendi, unene ule wote humezwa na besi na dramu, na kinachobaki hakimtoshi kujitambua. Sikio la binadamu ni kali zaidi kwa sauti zenye mitetemo baina ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Gitaa lililopunguzwa unene na kuachiwa sauti zake za kati husikika vizuri katika kundi hata likiwa dogo.

Sababu ya tatu ni mwangwi. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Katika ukumbi ambao ukuta wa nyuma uko mita 17 kutoka jukwaani, sauti huenda na kurudi mita 34, nayo humfikia mpigaji ikiwa imechelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, huko ni kuchelewa kwa sehemu moja ya tano ya pigo. Mpigaji anayejisikia kwa njia ya ukuta tu hujikuta akingojea mwangwi wake, na bendi nzima huanza kuburutwa. Kiongozi humlaumu kwamba hana mapigo, kumbe mapigo anayo, ila anayapokea yamechelewa.

Udhaifu wa "ongeza sauti"

Tuchukue hesabu kidogo. Mpigaji mwenye amplifaya ya wati 50 akipewa ya wati 100, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Ili sauti ionekane kuwa mara mbili ya ile ya kwanza, yatakiwa desibeli 10, yaani nguvu mara kumi: wati 500. Shule gani ya msingi, au chuo gani, kitanunua chombo hicho? Na kikinunuliwa, mpiga besi naye atataka chake.

Huo ndio ubaya mkubwa wa njia hii: haina mwisho. Mpiga solo akipandisha, ridhimu hajisikii, naye anapandisha. Mwimbaji anapaza sauti. Mpiga dramu, ambaye chombo chake hakina kitufe cha kupunguza, anapiga kwa nguvu zaidi. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza tabia hii katika usemaji: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti pasipo kukusudia, na kelele zikiondolewa huishusha, naye hana habari. Wapigaji hufanya vivyo hivyo kwa vidole na kwa vitufe. Wala si utovu wa adabu, ni maumbile. Maumbile hayo hayazuiliki kwa karipio. Huzuilika kwa utaratibu.

Tena kuna madhara ya mwili. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka desibeli 85 kuwa kikomo kwa saa 8 za kazi kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Kwa desibeli 100, kiasi ambacho bendi ya umeme hukifikia bila taabu, muda ni dakika 15 tu. Mazoezi ya saa 2 jioni mara tatu kwa juma si mchezo. Chembe za ndani ya sikio zikiharibika kwa kelele haziponi. Pete Townshend, mpiga gitaa wa kundi la The Who la Uingereza, amekiri hadharani mara nyingi kwamba uwezo wake wa kusikia umepungua na kwamba masikio yake huvuma. Mwalimu asiyesikia vizuri hawezi kumsikia mtoto wa dawati la nyuma anaposoma silabi kwa kunong'ona. Hiyo ni hasara tusiyoweza kuiruhusu.

Wako wanaodhani kwamba tatizo hili ni la wanaoanza tu. Tarehe 15 Agosti 1965, kundi la The Beatles lilipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Walikuwa na amplifaya za wati 100, kubwa kwa siku zile, lakini hawakuwa na spika za jukwaani za kujisikilizia, ambazo leo wanamuziki huziita monita. Mayowe ya watazamaji yaliwameza. Mpiga dramu wao, Ringo Starr, ameeleza kwamba katika maonyesho ya namna ile ilimbidi atazame jinsi wenzake walivyotikisika ili ajue wimbo umefika wapi. Mwezi Agosti 1966 wakaacha ziara kabisa, na kutojisikia kulikuwa mojawapo ya sababu. Ikiwa mabingwa wale hawakuweza kupiga vizuri wasichokisikia, mwanachuo wa mwaka wa kwanza ataweza wapi?

Hazina iliyo karibu nasi

Tunapotafuta jawabu bora, hatuna haja ya kwenda mbali. Bendi za dansi za Tanzania zimetuachia somo kamili. Sikiliza kanda za NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, au za Morogoro Jazz wakati Mbaraka Mwinshehe alipokuwa akipiga solo, au za Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Utasikia magitaa matatu, pengine manne: solo, solo la pili, ridhimu na besi. Yote yanapigwa kwa wakati mmoja, pamoja na tarumbeta na saksafoni, wala hakuna hata moja linalopotea.

Siri yake iko katika mgawanyo wa kazi. Ridhimu hushika mapigo kwa mtindo usiobadilika ovyo. Solo la pili hujaza nafasi ambazo ridhimu ameziacha. Besi haipigi kila pigo. Huacha matundu, na ndani ya matundu yale vyombo vingine hupumua. Solo hukaa juu, katika nyuzi nyembamba. Waimbaji wanapoimba, hudokeza maneno mafupi baina ya mistari, halafu wimbo ukifika kwenye chemko hupewa uwanja. Wakongo, ambao bendi zetu zilijifunza mengi kwao, waliongeza kati ya ridhimu na solo gitaa wanaloliita mi-solo, nalo likapata chumba chake bila kumfukuza mwenzake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tafsiri sahihi ya kujisikia: kila mmoja anajua nafasi yake iko wapi, basi anajua pa kujitafuta.

Mambo niliyoyaona chuoni

Mwanachuo mmoja alikuwa mpiga ridhimu katika kikundi cha watu saba. Baada ya majuma matatu aliacha kuja mazoezini. Nilipomwita na kumwuliza, alinijibu: "Mwalimu, niwepo nisiwepo, hakuna tofauti." Maneno hayo hayakuwa ya uvivu. Alikuwa amesema kweli kuhusu hali yake ndani ya kikundi.

Tulimrudisha, tukakaa tukapiga wimbo mmoja kwa sauti ya chini sana, huku kila mara chombo kimoja kikinyamaza. Solo aliponyamaza, ikagundulika kwamba ridhimu alikuwa akikosea badiliko moja la wimbo, na kwamba alilikosea kwa majuma yote yale. Hakukosa ujuzi, alipojisikia, alilisahihisha jioni ile ile. Lakini kabla ya hapo yeye mwenyewe hakulisikia kosa, wala wenzake sita hawakulisikia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Wanachuo wangapi wameandikwa kuwa "hawana kipaji" kwa sababu kama hiyo?

Mbinu ninazopendekeza

(a) Kipimo kiwe chombo kidogo. Bendi isipime sauti yake kwa chombo chenye nguvu kuliko vyote, bali kwa kile kilicho kidogo. Ikiwa mwimbaji asiye na kipaza sauti hasikiki mazoezini, wote washuke mpaka asikike. Mpiga dramu afundishwe kupiga taratibu bila kupoteza mapigo. Ni kazi ngumu, lakini hufundishika.

(b) Wapigaji wasimame kwa kuzunguka. Mazoezini, wakae kama watu waliozunguka moto, wakitazamana, si kwa mstari kama gwaride. Kila mmoja aone mikono ya mwenzake. Jukwaani, ridhimu na besi wasimame karibu na dramu, kwa kuwa watatu hao ndio msingi.

(c) Spika ielekezwe sikioni. Iinuliwe juu ya kiti au dawati imara, au iegemezwe nyuma kwa kipande cha tofali ili itazame juu. Mpigaji asiigande, asogee hatua mbili tatu mbele. Mara nyingi marekebisho haya humwezesha kupunguza sauti badala ya kuiongeza. Penye monita, kila mpigaji aombe kile anachokihitaji tu. Monita ikipandishwa kupita kiasi, kipaza sauti huipokea sauti yake na kuirudisha, na ukumbi mzima hujaa mlio wa kukera.

(d) Sauti ya gitaa itengenezwe katika kundi. Mwanachuo asikamilishe vitufe vyake akiwa peke yake. Avipange wakati besi na dramu zinapigwa, apunguze unene, kisha aulize waliosimama katikati ya ukumbi wanasikia nini.

(e) Zoezi la kunyamaza. Kiongozi ataje chombo kimoja, nacho kinyamaze kwa duru moja ya wimbo, halafu wenzake waeleze kilichopungua. Wasipoweza kueleza, hawakuwa wakikisikiliza. Kwa mwanzo, zoezi hili lifanywe bila umeme kabisa, kwa magitaa makavu.

(f) Ukimya uwe sehemu ya somo. Mpigaji apewe alama si kwa alichokipiga tu, bali pia kwa alivyojizuia kupiga pasipohitajika.

Kujibu pingamizi

Najua kwamba wako wakufunzi wenzangu watakaosema kuwa bendi ni burudani, na kwamba kuwazuia vijana wasipige kwa nguvu ni kuwaua ari. Wana hoja. Muziki wa dansi hauchezeki kwa kunong'ona, na mbele ya umati uwanjani sauti kubwa ni lazima. Lakini nguvu ya kumfikia msikilizaji na nguvu ya kumzidi mwenzako ni mambo mawili. Ile ya kwanza ni kazi ya vipaza sauti vya ukumbi na fundi mitambo. Ile ya pili haina kazi yoyote. Bendi iliyojifunza kusikilizana kwa sauti ya chini inaweza kupandishwa yote kwa pamoja ikabaki bendi. Iliyojifunza kwa kushindana, ikipandishwa, hupandisha ugomvi wake. Wahenga wamesema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Wengine watasema kwamba shule nyingi za msingi hazina hata gitaa moja, sembuse amplifaya. Ni kweli. Lakini mbinu za (a), (b), (e) na (f) hazihitaji umeme. Kikundi cha watoto wenye kayamba, makopo, filimbi na ngoma mbili kina tatizo lile lile: wa ngoma anamzima wa filimbi. Mwalimu aliyefundishwa chuoni kutambua hali hiyo atawapanga watoto upya. Ambaye hakufundishwa atamwambia wa filimbi apulize kwa nguvu, na filimbi ikipulizwa kwa nguvu kupita kiasi hutoa noti nyingine kabisa.

Kutoka jukwaani hadi darasani

Sasa tuangalie darasa lenyewe. Mwalimu anauliza, na darasa zima linajibu kwa pamoja: "Kumi na mbiliii!" Jibu linavuma, mwalimu anaridhika. Ndani ya mvumo ule yumo mtoto aliyesema kumi na tatu. Hakujisikia, mwalimu hakumsikia, jirani yake hakumsikia. Yu katika hali ile ile ya mpiga ridhimu wetu, na kesho atakosea tena. Kuitikia kwa pamoja kuna faida yake. Humpa woga mtoto mnyonge nafasi ya kujificha mpaka apate nguvu. Lakini kukiwa ndiyo njia pekee, humficha daima.

Kadhalika, mwalimu anayepaza sauti ili kuzishinda kelele za darasa huzipandisha kelele zile, na ifikapo saa sita koo lake limekauka. Anayeshusha sauti, akasogea kati ya madawati, akagawa kazi ili kila kikundi kijue zamu yake, hufanya lile ambalo kiongozi mwema wa bendi hulifanya. Akitumia zoezi la kunyamaza, kwamba safu moja ijibu na nyingine zisikilize na kusahihisha, atashangaa ni makosa mangapi yaliyokuwa yamejificha, na ni mepesi kiasi gani kusahihishwa.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika vyuo vyetu upimaji wa wanachuo wa muziki usiishie kwenye vidole. Mwanachuo apigapo gitaa mbele ya mtahini, aulizwe pia: Besi ilikuwa ikifanya nini ulipokuwa ukipiga? Mwimbaji alivuta pumzi wapi? Nani alikosea, na ulimsaidiaje? Asiyeweza kujibu maswali hayo bado hajamaliza somo, hata kama vidole vyake ni vyepesi kama vya mfumaji. Tena viongozi wa bendi za vyuo waanze juma hili hili: zimeni mitambo, kaeni kwa duara, mpige wimbo mmoja mnaoujua vizuri kuliko zote, kisha mwulizeni yule aliye kimya kuliko wote kama amejisikia.